Waswidi na Wafini katika Magongo ya Barafuni

Leo tutazungumza juu ya mchezo wa nchi za baridi, yaani mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Tutauliza swali ambalo watu wa huko wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50: je, wachezaji wa Uswidi na Ufini ni sawa na wachezaji wa timu kubwa za kulipwa za Kanada na Marekani, au wamepungukiwa?

Wenye ramani ya dunia darasani, itazameni. Tafuteni Ulaya, kisha pandeni juu mpaka karibu na mwisho wa nchi kavu. Hapo mtaziona Norwei, Uswidi na Ufini zimepangana, na Denmark iko chini yao kidogo. Huko majira ya baridi ni marefu. Maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu, na watoto huteleza juu yake. Sasa vukeni bahari ya Atlantiki kwa kidole mpaka Kanada. Huko nako maziwa huganda vivyo hivyo. Kwa hiyo si ajabu kwamba nchi zilizo mbali mbali namna hiyo zinapenda mchezo mmoja.

Mpira wa magongo wa uwanjani mnaujua, maana umechezwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa miaka mingi. Ule wa barafuni ni ndugu yake, lakini ni ndugu mkali. Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, mfano wa makali ya kisu, naye huteleza mbio kuliko mtu awezavyo kukimbia. Hapigi mpira wa mviringo. Hupiga kisahani cha mpira mgumu, unene wake sentimita 2.5 na uzito wake gramu 170 hivi. Kila upande una watu 6 barafuni, na mmoja wao ni mlinda lango. Mchezo una vipindi 3, kila kimoja dakika 20. Mchezaji hucheza kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja, kisha hutoka akapumzike na mwenzake akaingia, wala mchezo hausimamishwi kwa ajili yao. Tena, kumgonga mwenye kisahani kwa bega, hata akaanguka au akabanwa ukutani, si kosa. Lishikeni sana jambo hilo la kugonga, maana mabishano yote yalianzia hapo.

Na tuutazame uwanja. Umezungukwa na ukuta mfupi, kwa hiyo hakuna pa kutokea. Kwa desturi ya Ulaya uwanja ulikuwa na upana wa mita 30. Ule wa Amerika ni mita 26. Mtasema, mita 4 ni nini? Basi zipimeni sakafuni hapo mlipo, mtaona kwamba ni nafasi ya kupitisha gari mbili. Katika uwanja mpana mtu mwepesi aweza kumzunguka adui yake. Katika uwanja mwembamba hakuna njia ya kuzungukia. Utapita katikati yao, na ukipita katikati utagongwa. Siku hizi baadhi ya viwanja vya Ulaya, hasa vya Ufini, vimepunguzwa upana. Lakini wachezaji tutakaowataja kwanza walilelewa katika viwanja vipana.

Upande wa Amerika mambo yote huongozwa na ligi moja kubwa, ambayo kwa kifupi huitwa NHL. Iliundwa Montreal mwaka 1917. Toka 1942 mpaka 1967 ilikuwa na timu 6 tu. Leo zina hesabu ya 32, ambazo 7 ni za Kanada na 25 za Marekani. Hizi ni timu za biashara: kila moja ina mwenyewe, na wachezaji hulipwa fedha nyingi sana. Wanaloshindania ni Kombe la Stanley, lililotolewa na Gavana Mkuu wa Kanada na kushindaniwa kwanza mwaka 1893.

Mswidi wa kwanza kuingia katika ligi hiyo alikuwa Ulf Sterner. Alicheza na New York Rangers mwezi Januari 1965. Alikuwa fundi wa kisahani, hapana aliyemkatalia hayo. Lakini alicheza michezo 4 tu, akaondolewa katika timu, kisha akarudi kwao. Kwa nini? Kwa sheria za Ulaya za wakati ule, kumgonga mtu kuliruhusiwa katika sehemu ya ulinzi peke yake. Sheria hiyo iliachwa mwaka 1969. Sterner alikuwa amefundishwa mchezo mmoja, naye akatupwa katika mchezo mwingine. Watu wa Amerika hawakusema hivyo. Walisema Waswidi ni waoga.

Miaka 8 baadaye, mwaka 1973, timu ya Toronto Maple Leafs iliwaleta Waswidi wawili, Inge Hammarström na Börje Salming. Mtumishi wa timu aliyekwenda Uswidi alikuwa amefuata habari za Hammarström. Huyo mwingine alimwona tu uwanjani, akampenda. Nataka nikae kidogo kwa Salming, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa nyingine.

Salming alizaliwa mwaka 1951 katika nchi ya Kiruna, kaskazini kabisa ya Uswidi, mahali penye machimbo ya chuma. Baba yake alikufa kwa ajali machimboni, mtoto akiwa na miaka 5. Alipofika Amerika alikuwa mrefu, mwembamba, hasemi maneno mengi. Siku zake za kwanza alikutana na timu ya Philadelphia, iliyosifika kwa ugomvi kuliko timu zote, nayo ilikuwa karibu kulitwaa Kombe la Stanley mara mbili, mwaka 1974 na 1975. Walimpiga kwa magongo, wakamgonga ukutani, wakamtaka ngumi. Waliwaita Waswidi kuku, kwa sababu katika Kiingereza mtu mwoga huitwa hivyo. (Kwetu kuku mwenye vifaranga si mwoga hata kidogo, lakini tuendelee.) Hata mwenye timu ya Toronto alimdhihaki Hammarström, aliyekuwa mtu wake mwenyewe, akisema kwamba angeweza kuingia kwenye kona ya uwanja na mayai mfukoni, yasivunjike hata moja.

Salming hakurudi kwao. Alicheza Toronto misimu 16. Alikuwa akijitupa chini mbele ya kisahani kinachokuja kasi ili kisifike langoni, jambo ambalo mwoga halifanyi. Mwaka 1986 alianguka karibu na lango, na chuma cha kiatu cha mtu kikampasua uso, akashonwa nyuzi zaidi ya 200. Akarudi kucheza. Mwaka 1976 yalikuwapo mashindano ya mataifa, na Uswidi ikacheza Toronto. Jina la Salming lilipoitwa, naye amevaa nguo ya nchi yake, watu wa Toronto walisimama wote wakampigia makofi muda mrefu. Mwaka 1996 akawa Mswidi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Magongo.

Novemba 2022 alirudi Toronto, akiwa mgonjwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu, hawezi tena kusema. Timu ya Toronto wakati huo ilikuwa na Waswidi 6. Wote 6 waliwekwa kuanza mchezo kwa heshima yake, kuanzia mlinda lango mpaka washambuliaji. Salming alifariki mwezi huo huo. Fikirini: mwaka 1973 waliulizana kama Mswidi mmoja ataweza kudumu, na mwaka 2022 Toronto iliweza kuanza mchezo na Waswidi watupu.

Lakini kuvumilia vipigo ni jambo moja, na kuwabadilisha wenyeji namna yao ya kucheza ni jambo jingine. Hilo la pili lilifanyika Winnipeg, mji wa Kanada. Mwaka 1974 timu ya huko, iliyokuwa katika ligi nyingine iliyoshindana na NHL, iliwachukua Waswidi Anders Hedberg na Ulf Nilsson, wakacheza pamoja na Bobby Hull, Mkanada mwenye sifa kubwa. Desturi ya Kanada ilikuwa kila mshambuliaji kushika upande wake, akapanda na kushuka kama gari la moshi katika reli. Hawa watatu walibadilishana pande, wakapasiana nyuma na mbele, adui asijue nani atatokea wapi. Mwalimu wa timu ya Edmonton, Glen Sather, aliwatazama, na baadaye alisema wazi kwamba aliiga mfano wao. Timu yake ililitwaa Kombe la Stanley mara 5 kati ya 1984 na 1990. Katika timu hiyo Mkanada Wayne Gretzky alikuwa na mwenzake wa mkono wa kulia, naye alikuwa Mfini, Jari Kurri, mfungaji wa mabao 601 katika ligi.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Mwaka 1989 Mats Sundin, Mswidi, alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote waliogawiwa timu za NHL, na hapana mtu wa Ulaya aliyepata nafasi hiyo kabla yake. Msimu wa 1992–93 Teemu Selänne, Mfini, alifunga mabao 76 katika msimu wake wa kwanza, na mpaka sasa hapana mgeni wa ligi aliyefikia hesabu hiyo. Mwaka 2008 Nicklas Lidström wa Detroit akawa kapteni wa kwanza aliyezaliwa na kufundishwa Ulaya kulipokea Kombe la Stanley. Aleksander Barkov alilipokea mwaka 2024 akiwa kapteni wa Florida, Mfini wa kwanza kufanya hivyo, na 2025 akalipokea tena.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni kalamu. Kwa makadirio ya miaka hii, katika kila wachezaji 100 wa NHL, kama 40 ni Wakanada, Wamarekani hawafiki 30, Waswidi ni kama 10, na Wafini kama 5. Waliobaki ni Warusi, Wacheki na wengineo. Mtu akiishia hapo atasema Wakanada wamewashinda Waswidi mara 4. Lakini andikeni pia hesabu ya watu wa kila nchi. Kanada ina watu milioni 40 hivi. Uswidi milioni 10 na nusu. Ufini milioni 5 na nusu, na kidogo zaidi. Gawanyeni. Kanada, milioni 40 kwa wachezaji 40: mchezaji mmoja kwa kila watu milioni moja. Uswidi, mmoja kwa milioni moja na kidogo. Ufini, vivyo hivyo. Na Marekani, yenye watu milioni 340? Mchezaji mmoja kwa zaidi ya watu milioni 11.

Hiyo ndiyo hesabu ninayoiamini mimi kuliko maneno ya wabishi. Kwa kadiri ya watu wake, Uswidi na Ufini hutoa wachezaji sawa sawa na Kanada yenyewe, nchi iliyoulea mchezo huu. Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha udhaifu wao. Nchi yenye wachezaji 40 ikipoteza walinzi wawili kwa maumivu, ina wengine. Nchi yenye 5 haina. Februari 2025 yalichezwa mashindano ya nchi 4, Kanada, Marekani, Uswidi na Ufini, kila timu ikiwa na watu wa NHL watupu. Uswidi iliishinda Marekani 2–1, na ilifungwa na Kanada na Ufini katika muda wa nyongeza tu, 4–3 kila mara. Haikupitwa mbali. Lakini Ufini, iliyokosa baadhi ya walinzi wake wazuri, ilifungwa na Marekani 6–1. Mchezo wa mwisho ukawa wa Kanada na Marekani.

Mtu wa Ufini atanijibu: je, na mwaka 2006? Kweli. Katika Olimpiki ya Turin mwaka huo, NHL ilisimamisha michezo yake ili wachezaji wote waende. Mchezo wa mwisho haukuwa na Kanada wala Marekani. Ulikuwa wa Uswidi na Ufini, na Uswidi ikashinda 3–2 kwa bao la Lidström.

Tena kuna ushindi wa namna nyingine, ule wa watu waliobaki nyumbani. Kila mwaka, mwezi Mei, huchezwa mashindano ya dunia, wakati timu bora za NHL zingali zinashindania kombe lao. Mwaka 2019 huko Bratislava, Ufini ilileta timu ambayo karibu wote walicheza Ulaya. Kapteni wao, Marko Anttila, mtu mrefu wa mita 2 na zaidi, aliwahi kuchaguliwa na timu ya Chicago zamani lakini hakupata kucheza NHL hata siku moja. Mchezo wa mwisho walikutana na Kanada, iliyojaa watu wa NHL. Ufini ilishinda 3–1, na mabao mawili alifunga Anttila.

Denmark nayo, nchi ya watu milioni 6, mwaka 2025 huko Herning iliitoa Kanada 2–1, ikiwa nyuma kwa bao moja mpaka dakika 3 za mwisho. Katika timu ile ya Kanada walikuwamo Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wasikilizaji wa Nairobi huenda wakayakumbuka majina hayo mawili, kwa kuwa ndio waliocheza pamoja na vijana wa timu ya Kenya, Ice Lions, walipoalikwa Kanada mwaka 2018.

Basi, je, Denmark ni bora kuliko Kanada? Hapana. Mchezo uliofuata Denmark ilifungwa na Uswisi 7–0. Usiku mmoja, mlinda lango akiwa na siku njema na kila mtu akijitoa, timu ndogo yaweza kumwangusha jitu. Katika NHL hulazimika kumwangusha tena na tena. Kwa miaka mingi msimu umekuwa wa michezo 82, na baada ya hapo mwenye kutaka kombe hushinda mara 16 zaidi. Timu ya klabu ya Uswidi au Ufini kama ilivyo leo, ikiingizwa katika ligi hiyo msimu mzima, haitafika mbali. Sababu yake ni rahisi. Watu wake walio bora wamekwisha kuchukuliwa na ligi hiyo hiyo.

Mfano mzuri ni mji wa Örnsköldsvik, ulio pwani ya Uswidi, upande wa kaskazini. Wilaya yake yote ina watu kama 55,000 tu. Klabu yao inaitwa Modo. Hedberg, yule wa Winnipeg, alitoka hapo. Akafuata Peter Forsberg, ambaye mwaka 1994 aliifungia Uswidi penalti iliyowashinda Wakanada katika mchezo wa mwisho wa Olimpiki, na picha ya bao lile ikachapishwa katika stempu ya posta. Wakafuata ndugu pacha, Henrik na Daniel Sedin, waliocheza pamoja Vancouver na kuingizwa pamoja katika Jumba la Mashujaa mwaka 2022. Akafuata Victor Hedman, mlinzi wa Tampa Bay, mshindi wa Kombe la Stanley mwaka 2020 na 2021. Miji mikubwa ya Amerika yenye watu milioni nyingi haijatoa orodha kama hiyo.

Na Modo yenyewe ilipata nini? Timu za NHL hulipa fidia kwa kijana wanayemchukua, lakini fidia haichezi. NHL haina kushuka daraja. Timu ya mwisho hubaki, tena hupewa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya. Katika ligi ya Uswidi timu ya chini hushuka. Modo ilikuwa bingwa wa Uswidi mwaka 1979 na 2007. Mwaka 2016 ilishuka daraja. Ikahangaika huko chini miaka 7, ikarudi 2023, na 2025 ikashuka tena. Kila Mei mashabiki wake wakiitazama timu ya taifa hupiga makofi kwa watoto wao wenyewe, kisha Septemba huingia uwanjani kuwatazama wageni na vijana wa miaka 17.

Muda wetu umekaribia kwisha. Walimu, waachieni wanafunzi hesabu hii: Norwei ina watu milioni 5 na nusu hivi, karibu sawa na Ufini, lakini wachezaji wake katika NHL siku zote wamekuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Denmark ni vivyo hivyo. Jadilianeni darasani kwa nini nchi jirani, zenye baridi ile ile na watu karibu idadi ile ile, zikatofautiana hivyo. Msiseme ni baridi tu. Fikirini juu ya viwanja, walimu wa watoto, na michezo mingine ambayo vijana wa Norwei huipenda zaidi, kama vile kuteleza milimani. Andikeni majibu yenu kwa sentensi 5 au 6. Kwaherini.